Kunyanyua Gari la Barabara Mbovu: Fahamu Mwendo wa Shokapu Kabla ya Kununua

Seti ya kunyanyulia gari ni mkusanyiko wa springi, shokapu na vipuri vingine vinavyofungwa chini ya gari ili bodi yake ikae juu zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani. Wanunuzi wake hapa nchini ni wa namna nyingi: wenye kampuni ndogo za utalii ambao Land Cruiser zao hupita Ngorongoro na Serengeti mwaka mzima, wafanyabiashara wa mazao wenye pikapu, wakandarasi wanaofika kwenye miradi kabla ya barabara, na watu binafsi waliovutiwa na sura ya gari refu. Wote hukutana na swali moja wanapofika dukani: unataka inchi ngapi?

Swali hilo lina nafasi yake, lakini halistahili kuwa la kwanza. Gari lililonyanyuliwa kwa inchi mbili laweza kupita mahali lilipokuwa likikwama, na gari jingine la aina ile ile, lililonyanyuliwa kwa inchi zile zile, laweza kuanza kukwama mahali lilipokuwa likipita. Tofauti baina ya magari hayo mawili imo katika jambo ambalo mnunuzi huliuliza mara chache, nalo ni mwendo wa shokapu. Makala haya yanaeleza jambo hilo, namna ya kulipima kwa futi ya kawaida, mabadiliko mengine yanayofuatana na kunyanyua gari, na haki za mtumiaji anapouziwa kitu kisichofaa.

Springi hubeba, shokapu hutuliza

Mara nyingi kazi za vipuri hivi viwili huchanganywa. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na mzigo wake. Yaweza kuwa ya koili, yaani chuma kilichosokotwa mviringo, au ya mabapa, yaani vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Toyota Hilux, kwa mfano, huwa na koili mbele, na matoleo yake mengi yana mabapa nyuma. Land Rover Defender ya zamani kwa kawaida ina koili pande zote.

Shokapu, ambayo baadhi ya watu huiita shokamzoba, kwa kawaida haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuituliza springi. Springi iliyobonyezwa hutaka kurudi, na ikirudi hupitiliza, kisha hubonyea tena. Pasipo shokapu gari lingeendelea kurukaruka muda mrefu baada ya kupita shimo moja tu. Ndani ya shokapu mna mafuta na vali zenye matundu madogo. Fimbo inapoingia au kutoka, mafuta hulazimika kupenya katika matundu hayo, na nguvu za mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu huwa ya moto sana baada ya mwendo mrefu katika barabara ya changarawe yenye makunyanzi. Mafuta yakizidi joto huwa mepesi, na yakichanganyika na hewa hutoa povu. Hapo shokapu hupoteza nguvu hata kama haijavuja tone.

Kutokana na hayo, mtumiaji azingatie jambo moja mapema. Kinachoongeza kimo cha gari ni springi au vipande vinavyowekwa pamoja nayo. Kwa kawaida shokapu mpya peke yake hailinyanyui gari, lakini gari likishanyanyuliwa, shokapu ndiyo itakayoamua kama kimo hicho kina manufaa.

Mwendo wa shokapu

Mwendo wa shokapu ni tofauti kati ya urefu wake inapokuwa imenyooka kabisa na urefu wake inapokuwa imebonyea kabisa. Tuchukue shokapu ambayo ikinyooka ina milimita 570 kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, na ikibonyea ina milimita 350. Mwendo wake ni milimita 220.

Mwendo huo hugawanyika sehemu mbili kulingana na mahali gari linaposimama. Ikiwa gari likiwa limetulia kwenye ardhi sawa shokapu ile ina urefu wa milimita 450, basi ina milimita 100 za kubonyea gurudumu linapopanda jiwe, na milimita 120 za kunyooka gurudumu linaposhuka shimoni. Sehemu zote mbili ni za lazima.

Sasa tuseme mwenye gari ananunua springi ndefu zinazolinyanyua kwa milimita 50, yaani karibu inchi mbili, lakini anaacha shokapu zile zile. Kwa kurahisisha hesabu, tuchukulie kwamba shokapu imesimama wima karibu na gurudumu. Gari likitulia, shokapu sasa ina urefu wa milimita 500. Nafasi ya kubonyea imeongezeka hadi milimita 150, ila nafasi ya kunyooka imepungua kutoka 120 hadi 70.

Gurudumu la gari hilo likishuka katika shimo lenye kina kinachozidi milimita 70 hizo, shokapu hufika mwisho na kulishika gurudumu juu kama kamba. Mambo mawili hufuata. Kwanza, kila shimo huleta pigo kali kwenye fimbo, bushi na boliti za shokapu, vitu ambavyo havikutengenezwa vining'inize ekseli. Baada ya muda fimbo huchomoka au sikio lililochomelewa kwenye chesisi hupasuka. Pili, gurudumu lisilogusa ardhi halisukumi. Katika gari ambalo difu yake haina kifungio, nguvu ya injini hukimbilia gurudumu lililo hewani nalo huzunguka bure, huku lenzake lililo ardhini likikosa nguvu ya kutosha. Hivyo ndivyo gari lililogharimiwa lisikwame linavyokwama.

Dawa yake ni shokapu ndefu zaidi, nazo pia zina masharti. Tuseme mnunuzi anapewa shokapu ambayo ikinyooka ina milimita 610 na ikibonyea ina 370. Gari likitulia kwenye 500, ana milimita 130 za kubonyea na 110 za kunyooka, mgawanyo ulio mzuri. Lakini urefu wake wa kubonyea ni milimita 20 zaidi ya ule wa shokapu ya zamani. Ikiwa kizuizi cha mpira kinachozuia ekseli isipande kupita kiasi kimeachwa pale pale, shokapu mpya yaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla mpira haujagusa. Chuma kitagonga chuma, na shokapu mpya itakufa mapema. Fundi anayejua kazi huongeza urefu wa kizuizi hicho, au huonyesha kwa vipimo kwamba hakuna haja.

Namna ya kupima mwenyewe

Unahitaji futi, kalamu na mtu wa kukusaidia. Simamisha gari kwenye ardhi sawa likiwa na mzigo unaoubeba siku nyingi, si tupu wala si lililojaa kupita kawaida. Pima urefu wa shokapu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, uuandike. Kisha umwombe muuzaji urefu wa shokapu anayoiuza ikiwa imenyooka na ikiwa imebonyea. Ongeza kimo unachotaka kwenye kipimo chako. Toa jumla hiyo kutoka urefu wa kunyooka, upate nafasi ya kushuka. Kisha toa urefu wa kubonyea kutoka jumla ile ile, upate nafasi ya kupanda.

Hesabu hii inatosha kwa shokapu zilizosimama wima au karibu na wima. Mbele ya magari kama Hilux, ambako kila gurudumu lina mikono yake na shokapu imekaa katikati ya mkono wa chini, gurudumu husogea zaidi ya shokapu, na kwa magari mengi hukaribia mara mbili. Ndiyo maana kipande cha milimita 25 kikiwekwa juu ya shokapu ya mbele chaweza kulinyanyua gari karibu milimita 50. Kwa magari hayo mwombe muuzaji akupe vipimo vya gurudumu lenyewe. Muuzaji asiyekuwa na vipimo hivyo wala asiyejua pa kuvipata anauza chuma asichokijua.

Njia za kunyanyua gari

*Springi na shokapu mpya zilizopangwa pamoja.* Hii ndiyo njia ghali kuliko nyingine za kawaida na ndiyo yenye matatizo machache, mradi springi zichaguliwe kwa uzito halisi wa gari. Springi iliyokusudiwa gari lenye bampa la chuma, winchi na mahema juu ya paa itafanya gari tupu liwe gumu na lirukeruke.

*Vipande vya kuongezea kimo juu ya shokapu na koili za mbele.* Bei yake ni nafuu na huuzwa kwa wingi. Havibadilishi urefu wa mwendo wa shokapu. Huusogeza wote chini. Matokeo yake ni kwamba gurudumu likining'inia, mikono ya chini na viungo vyake hushuka kupita pembe iliyokusudiwa na kiwanda. Boljointi hujibana na sivi jointi za mbele hufanya kazi kwa pembe kali. Mpira wake ukipasuka na vumbi likaingia, uhai wake huwa mfupi.

*Kuongeza mabapa, vipande vya chini ya springi, au viungo virefu vya springi.* Bapa la ziada hunyanyua na kukaza kwa pamoja. Kipande kati ya springi na ekseli hunyanyua bila kukaza, lakini huongeza msokoto wa ekseli wakati wa kuondoka na kufunga breki. Kwa usalama, kisiwekwe kamwe kwenye ekseli ya mbele. Kiungo kirefu cha mwisho wa springi hunyanyua takriban nusu ya urefu uliozidi: kikiongezwa milimita 50, gari hupanda karibu 25. Vipande vilivyorundikwa kimoja juu ya kingine, au vilivyochongwa kwa mbao, visikubaliwe kwa bei yoyote.

*Kuinua bodi pekee.* Hapa vipande huwekwa kati ya bodi na chesisi. Springi na shokapu haziguswi, hivyo mwendo wake haubadiliki. Hupatikana nafasi ya matairi makubwa tu. Chesisi na vyote vilivyo chini yake hubaki pale pale.

Linalopatikana na lisilopatikana

Kunyanyua springi huongeza nafasi chini ya chesisi, tangi la mafuta na milango. Huongeza pia pembe ambayo gari laweza kuukabili ukingo wa mto bila bampa kugonga, na hulisaidia kuvuka tuta kali bila tumbo kukwama. Haya ni manufaa ya kweli kwa anayepita makorongo.

Lakini katika gari lenye ekseli ya kipande kimoja, sehemu iliyo chini kuliko zote huwa ni difu, nayo haipandi hata milimita moja kwa kubadilisha springi. Difu hupandishwa na tairi. Tairi lenye maandishi 265/65R17 lina kipenyo cha takriban milimita 776, na lile la 285/70R17 lina takriban milimita 831. Tofauti ni milimita 55, na kwa kuwa nusu ya kipenyo ndiyo iliyo chini ya ekseli, difu hupata karibu milimita 27. Anayekwama katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika kwa sababu difu inaburura matope, asitarajie springi peke yake zimwondolee tabu hiyo.

Tairi kubwa nalo lina gharama zake. Kwa matairi hayo mawili, kipimamwendo kilichokuwa kikisoma sawasawa kitaonyesha kilomita 80 kwa saa wakati gari linakwenda karibu 86. Breki hufanya kazi kubwa zaidi, injini huhisi uzito, na tairi laweza kusugua mpira wa breki au bodi usukani unapokatwa hadi mwisho.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, jiulize kama kweli gari lako linahitaji kimo kipya. Magari mengi yaliyotumika miaka mingi yana springi zilizolegea. Kuzirudisha katika hali ya awali ni kurudisha kimo kilichopotea. Shokapu bora za urefu wa kawaida, zenye bomba nene linalobeba mafuta mengi, huvumilia makunyanzi kuliko seti ndefu ya bei ya chini. Matairi yenye kashata nzuri, kupunguza upepo wa tairi kwa kiasi kwenye mchanga na kuurudisha kabla ya kuingia lami, pamoja na kupunguza mwendo, ni mambo yanayogharimu kidogo kuliko seti yoyote ya kunyanyulia.

Mabadiliko ambayo jicho halioni

*Breki za nyuma.* Pikapu nyingi na baadhi ya Land Cruiser zina vali ya breki inayopima mzigo, iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ndogo. Gari likibeba mzigo, nyuma hushuka, na vali huruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Gari likinyanyuliwa, vali hudhani kwamba ni tupu, hata kama limebeba gunia hadi juu. Breki za nyuma hupewa nguvu pungufu, na gari huchukua masafa marefu zaidi kusimama. Dereva hatajua hadi siku atakayohitaji kusimama ghafla mteremkoni akiwa na watu nyuma. Rekebisho lake ni la kawaida: kuhamisha au kurefusha kishikio cha fimbo hiyo kwa kiasi kinacholingana na kimo kipya. Mara nyingi husahauliwa.

*Mipira ya breki na nyaya.* Ekseli ikining'inia, mpira wa breki haupaswi kuvutika. Vivyo hivyo waya wa kihisio cha gurudumu.

*Usukani.* Magari kama Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye koili mbele yana mikono inayoishika ekseli. Gari likipanda, ekseli huzunguka kidogo, na pembe ambayo mafundi huiita kasta hupungua. Usukani huwa mwepesi kupita kiasi, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari huyumba kwenye lami. Chuma cha mshazari kinachoizuia ekseli isihame nacho huivuta upande mmoja. Vipuri vya kurekebisha haya vipo, na bei yake iulizwe mwanzoni, kwa sababu mara nyingi havimo katika bei ya seti.

*Propela.* Pembe mpya za propela huweza kuleta mtetemo na kula misalaba yake.

*Taa.* Mbele ikinyanyuliwa kuliko nyuma, taa huelekea juu na kumpofusha anayekuja. Zirekebishwe siku hiyo hiyo.

*Kupinduka.* Uwezo wa gari kusimama imara hutazamwa kwa kugawanya upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Mamlaka ya usalama wa barabara kuu ya Marekani hutumia kipimo hiki inapoyapanga magari kwa hatari ya kupinduka. Gari lenye upana wa milimita 1,540 na kitovu cha uzito kilicho milimita 700 juu ya ardhi hupata 1.10. Kitovu hicho kikipanda hadi milimita 760, hupata 1.01 tu. Upungufu huo wa takriban asilimia 8 haumwonekani dereva anayekwenda polepole porini. Huonekana anapokwepa ng'ombe ghafla akiwa kwenye lami. Mizigo ya juu ya paa huongeza hatari hiyo. Nchini Australia, ambako biashara hii imekua sana, sheria za majimbo huweka mipaka ya kimo, na anayeivuka hulazimika kupata cheti cha mhandisi. Mtumiaji wa hapa afikirie kwa busara hiyo hiyo: kadiri kimo kinavyozidi milimita 50, ndivyo haja ya kumshirikisha mtaalamu inavyokuwa kubwa.

*Mzigo unaoruhusiwa.* Springi ngumu haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Chesisi, ekseli, bearingi na breki ni zile zile. Tangazo linaloahidi nusu tani ya ziada kwa sababu ya springi mpya ni la kupotosha.

Maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa

1. Seti hii imetengenezwa kwa gari la aina gani, toleo gani na injini gani? Onyesha namba ya kipuri.
2. Springi zimekusudiwa uzito wa kiasi gani mbele na nyuma?
3. Shokapu zina urefu gani zikinyooka na zikibonyea?
4. Vizuizi vya mpira vitabadilishwa au vitabaki?
5. Vali ya breki inayopima mzigo itarekebishwa vipi, na mipira ya breki inatosha?
6. Bei inajumuisha yuboliti mpya, vipuri vya kurekebisha kasta, alaimenti na kupanga taa?
7. Dhamana ni ya muda gani, inahusu nini, na inabatilishwa na nini? Je, inahusu kazi ya fundi au vipuri tu?

Majibu yaandikwe kwenye ankara au karatasi yenye mhuri wa duka. Neno la mdomo ni vigumu kulithibitisha baadaye.

Jihadhari na shokapu bandia. Dalili zake ni maandishi yanayofutika kwa kidole, namba ya kipuri isiyolingana kati ya boksi na bomba, fimbo yenye mikwaruzo au rangi isiyo sawa, na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine. Shokapu mbili za ekseli moja ziwe za namba moja, na zibadilishwe pamoja.

Siku ya kukabidhiwa gari na baada yake

Usiondoke gereji kabla ya kuhakikisha yafuatayo. Boliti za bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa linaning'inia kwenye jeki, mpira hukaa umejisokota na huchanika mapema. Usukani ukatwe kushoto na kulia hadi mwisho, na tairi lisiguse kitu. Gurudumu moja lipandishwe juu ya kiunzi imara, kisha utazame mipira ya breki, nyaya na shokapu za upande ulioshuka. Cheti cha alaimenti kikabidhiwe mkononi. Kisha breki zijaribiwe mahali pa wazi, kwa mwendo mdogo kwanza.

Baada ya takriban kilomita 500, yuboliti na boliti zote zilizofunguliwa zikazwe upya, kwa kuwa vyuma vipya hukaa mahali pake kidogo kidogo. Muafikiane mapema kwamba kazi hiyo imo katika bei.

Mjulishe kwa maandishi aliyekukatia bima kwamba gari limebadilishwa, na utunze nakala. Kunyamaza kunaweza kumpa sababu ya kubishana nawe siku ya ajali.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara. Muuzaji anayesema seti inalifaa gari lako huku akijua hailifai, au anayeahidi uwezo wa kubeba ambao haupo, anaingia katika katazo hilo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kuyafaa matumizi hayo kwa kiwango cha kuridhisha. Kwa sababu hiyo, usiseme tu, "Nipe seti ya kampuni fulani." Anayeomba bidhaa kwa jina lake la biashara pekee aweza kujipunguzia kinga hiyo. Andika: gari ni la aina hii, hubeba abiria wanane na mizigo yao, hupita barabara ya changarawe siku tano kwa wiki. Mwombe muuzaji atie sahihi chini yake.

Seti ikionekana haifai, acha kuitumia, piga picha, tunza vipuri vilivyotolewa na risiti ya EFD, kisha umwandikie muuzaji ukieleza kasoro na unachokitaka: kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Mpe muda unaofaa wa kujibu. Asipojibu, au akikataa pasipo sababu, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na nakala za karatasi zote. Bidhaa bandia ziripotiwe huko pia, na zenye shaka ya ubora ziripotiwe Shirika la Viwango Tanzania.

Mwisho, mtumiaji akumbuke kwamba shokapu za zamani zilizotolewa ni mali yake, na ndizo kipimo cha kwanza cha kulinganisha na zile mpya. Aziweke kando ya shokapu mpya sakafuni kabla hazijafungwa, anyooshe futi, na amwombe fundi amweleze kila milimita ya tofauti. Fundi mzuri hatachukizwa na ombi hilo.